Kulisaidia Chujio

Meneja hakuwa meneja wa kitu chochote isipokuwa mumewe, fundi makochi ambaye figo zake zilikuwa zimegoma kazi. Mume mwenyewe ndiye aliyempachika jina hilo, maana maji ya kunywa alipimiwa naye, vidonge alihesabiwa naye, na siku za kwenda hospitali kusafishwa damu alivishwa viatu huku bado anapiga miayo. Mwanamke alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Kwa hiyo daktari aliposema wanajaribu chujio jipya la mashine, lililopakwa vitamini E kwa ndani ili damu isichakae ikipita humo, na huenda hata mafuta kwenye damu yakapungua, Meneja alikubali kabla mwenye damu hajafungua mdomo. Sharti lilikuwa moja tu: Fundi ale kama alivyozoea, ili ijulikane kilichofanya kazi ni chujio, si chakula.

Meneja alisikia vizuri, masikio anayo. Ila aliogopa kwamba majibu yakiwa mabaya watanyang'anywa chujio, akaona si vibaya kulisaidia kidogo. Kikaango akakitundika. Mayai yakatoweka, nyama ikafuata, mboga zikawa za kuchemsha kwa maji matupu. Fundi, mtu wa maneno mengi, alikula kimya, kila siku akibakiza zaidi.

Majibu yalipotoka, mafuta yalikuwa yameshuka kweli. Daktari alianza kutabasamu, kisha akatazama mzani na tabasamu likamwishia. Aliuliza mgonjwa anakula nini, kwa sababu mafuta ya mtu asiyekula nayo hushuka, na mgonjwa wa figo akikonda namna hii si jambo la kufurahia.

Meneja aliitazama suruali ya mumewe, iliyofungwa kiunoni kwa utepe wa makochi. Akinyamaza, chujio litabaki na mume ataendelea kuisha.

"Ni mimi," akasema. "Nimemnyima mayai, nyama, mafuta, kila kitu. Nilitaka chujio lionekane linafaa."

Daktari hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alieleza kwa upole kwamba majibu ya Fundi hayatahesabiwa tena, na kuanzia wiki ijayo atarudi kwenye chujio la kawaida.

Walitoka polepole, Fundi akimwegemea begani. Meneja alisubiri lawama, na maneno ya kujitetea alishayapanga. Kwenye ngazi Fundi akasimama kuvuta pumzi.

"Kumbe ilikuwa chujio," akasema.

"Chujio tu. Nisamehe, mume wangu."

"Mimi nilidhani umenichoka."

Meneja akaketi palepale kwenye ngazi, watu wakawa wanampita. Yale maneno aliyoyapanga hayakuwa na kazi tena.

"Nimechoka," akasema, kwa kuwa uongo ulikuwa umeshamtosha. "Lakini wewe sijakuchoka."

Fundi alishuka kwa shida, akaketi karibu naye.

"Basi leo mayai nakaanga mimi," akasema mtu ambaye hata ngazi zilikuwa zinamshinda. "Nawe utakaa ule."

Meneja hakubisha.