Maji Kwenye Ngano ya Mzee Vendel

Kila nikishusha ndoo kisimani na kuisikia ikigonga maji, namshukuru Mungu, halafu namshukuru Mzee Vendel. Mke wangu Etelka anasema nimekuwa mlokole uzeeni. Na aseme. Yeye alilia kisima kilipokauka, akalia tena kilipopata maji, kwa hiyo hana mdomo wa kunicheka.

Huku kwetu, kwenye mchanga wa kusini mwa Hungaria, babu zetu walikuwa na adui mmoja tu, nayo ni maji. Theluji ikiyeyuka, maji yalituama shambani yakaozesha ngano. Basi wakachimba mifereji kwa majembe, wakayafukuza mpaka mtoni Tisza. Mkulima hodari alikuwa yule ambaye shamba lake limekauka mapema. Ukionekana na maji shambani watu wanapopita kwenda kanisani, umekwisha. Utaitwa mvivu, na binti yako atakosa mchumba. Sisi tumelelewa hivyo. Hata mvua ilipoanza kutukimbia, na jua la kiangazi likawa linakausha miti imesimama, bado kila Februari tulifungua lango la mfereji na kuyafukuza hayo maji machache tuliyojaliwa. Ikifika Julai tunabaki kutazamana.

Kisima chetu alikichimba babu yake Etelka, na Etelka amezaliwa kwenye nyumba hii hii. Kilipoanza kukauka, nikawa nabeba maji ya ng'ombe kutoka kijijini kwa mapipa na trekta. Ng'ombe hanyweshwi kwa kijiko, jamani. Majira ya baridi yaliyofuata Etelka akasema kisima kikikauka kiangazi kijacho tena, tunauza ng'ombe na kuhamia kwa dada yake mjini Kecskemét, ghorofa ya nne. Alisema huku anamenya viazi, bila kuinua uso, ndipo nikajua hatanii. Nikaenda zizini nikakaa na ng'ombe wangu. Sioni haya kusema kwamba nililia.

Dawa yenyewe ilijulikana. Wakulima wa vijiji vya mbele walikuwa wameanza kufunga mifereji wakati wa baridi, maji yatuame na kuzama taratibu mchangani, na visima vyao vikaanza kurudi. Ofisi ya maji haikuwa na neno, majirani walikubali. Akabaki mmoja, Mzee Vendel, mgane anayeishi peke yake ng'ambo ya mfereji. Lango liko mpakani kwake, na shamba lake ndilo liko bondeni. Likifungwa, inayozama ni ngano yake. Isitoshe, binti yake aliyeko Szeged alikuwa amempatia mnunuzi wa shamba hilo, ili mzee akaishi naye mjini, na mzee alikwishakubali.

Nikaenda kumwomba. Alinimiminia pálinka, ile pombe yetu kali ya matunda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na mama yangu ningemuuza. Kwake kuufunga mfereji ule ni kumuuza mzazi, maana baba yake ndiye aliyesimamia uchimbaji wake. Mimi subira sina, nikamwambia baba yake alituchimbia kaburi. Akaninyang'anya gilasi ikiwa bado na pombe ndani, akanionyesha mlango. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Etelka ampigie simu mnunuzi wa ng'ombe.

Mwisho wa Februari mvua ikanyesha juu ya theluji. Jumapili asubuhi nachungulia dirishani, ngano ya Mzee Vendel yote iko chini ya maji. Unajua nilifanya nini? Nilisahau ng'ombe, nikasahau kisima, nikasahau na ugomvi. Nilinyakua mtaimbo nikakimbia, kamba za buti zikiburuzika. Nilijua lango limekwama, na mzee wa watu hataliweza peke yake, na punde watu watapita kwenda kanisani. Ukiona maji kwa jirani unakimbia kuyatoa. Hufikirii mara mbili.

Nikamkuta ameketi juu ya lango, amevaa kofia yake ya kanisani. Mbao zote za kuzuia maji zilikuwa zimeshushwa. Nikachomeka mtaimbo chini ya ubao wa kwanza.

"Ambrus, weka chini hicho chuma," akasema.

"Mzee, ngano yako inakufa."

"Naiona. Sijawa kipofu."

"Lango si limekwama?"

"Nimelifunga mimi. Hivi wewe kijana akili zako unaziweka wapi? Juzi umekuja kunitukana nifunge. Leo nimefunga, unakuja kufungua."

Kijana mwenyewe nina wajukuu. Nilisimama pale na mtaimbo wangu nisijue pa kuuweka. Magari yakaanza kupita. Kálmán, mwenye shamba la mbele yetu, akapunguza mwendo, akashusha kioo, akauliza kama Mzee Vendel sasa anafuga bata. Mzee akamvulia kofia kana kwamba amesalimiwa, lakini masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. Nikaketi kando yake juu ya mbao. Tulikaa hivyo mpaka gari la mwisho likapita, na kanisani hatukwenda.

Mnunuzi wa shamba alikuja, akayatazama maji, akageuza bila kushuka garini. Binti wa Szeged akanuna.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mahindi ya Kálmán yalikauka yakiwa ya magotini. Ila maji ya Mzee Vendel yalikuwa yamekaa mpaka Mei yakizama polepole, vyura wakipiga kelele mpaka hatulali. Mwezi wa Julai nilishusha ndoo, na Etelka akafumba macho. Ikagonga maji. Ikagonga Julai yote, na Agosti yote. Mnunuzi wa ng'ombe tukamwambia asije; hatukuuza hata ndama.

Etelka akaoka keki ya cheri, tukaenda kumshukuru. Mzee hakutaka shukrani. Mara aseme alifunga lango kwa ajili ya nyasi, mara alikuwa amechoka kulima. Etelka si mtu wa kukwepwa.

"Mzee Vendel, ngano imeoza, mnunuzi kakimbia, mwanao kanuna. Kwa nini?"

Mzee akageukia dirisha. Kisha akasimulia kwamba jioni ile nilipomtukana na kuondoka, alitazama dirisha letu, kama anavyolitazama kila siku kabla ya kulala. Zamani taa zilikuwa nyingi uwandani huku: za akina Szalma, za akina Borbás, za shule. Imebaki yetu. Akawaza taa hiyo nayo ikizimwa. Akawaza Szeged, anakaa dirishani kwa mwanawe, anatazama taa elfu na hamjui hata mwenye moja.

"Ngano ipo dukani," akasema. "Jirani wanauzwa duka gani?"

Kwetu mwanamume ndiye humbusu mwanamke mkono. Etelka akaushika mkono wa mzee, wenye nyufa za udongo, akaubusu. Mzee alishtuka hata akasahau kuuondoa. Nikakata keki, nikampa kipande kikubwa kuliko vyote.