Tishari Lisilo na Sauti

Nahodha alikuwa mtu wa kupaza sauti, si kwa ukali bali kwa mazoea. Miaka ishirini ya kuendesha tishari la kubebea saruji mtoni, injini ya dizeli ikinguruma chini ya miguu yake, ilimfanya aombe hata chumvi mezani kama anayeita mtu ng'ambo. Watoto walimcheka. Mkewe alikuwa akimwambia, "Baba, tupo hapa hapa."

Kisha tajiri mwenye chombo akang'oa dizeli na kuweka mota ya umeme. Palipokuwa na matangi ya mafuta pakapangwa betri, zikawa zinachajiwa gatini chombo kikipakiwa. Moshi ukaisha, gharama za mafuta zikaisha, tajiri akawa anatembea anacheka peke yake. Nahodha naye akaanza kusikia vitu alivyokuwa amevisahau: maji yakigonga ubavu wa chombo, ndege wa kandokando, hata pumzi yake mwenyewe. Nyumbani sauti yake ikashuka. Mkewe alisema ni kama ameolewa upya.

Aliyemtania zaidi ni shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi pale mto unapopinda. Wote walimwita Kasia.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "zamani nilikuwa nakusikia ungali mbali. Namaliza chai yangu taratibu, ndipo nakupisha. Siku hizi unanitokea tu kama mdai."

"Basi punguza chai," nahodha akamjibu, wakacheka.

Asubuhi moja ukungu ulifunika mto. Nahodha alipunguza mwendo, lakini honi hakupiga. Si kwamba alipuuza, haikumjia kabisa. Miaka yote ile honi ilikuwa ya kusalimia watu, injini ndiyo iliyotangaza kwamba anakuja.

Alipokaribia kona akasikia mtu akizungumza mbele yake, karibu mno, kwa upole: "Kaa katikati, dada, usiogope. Tumeshafika."

Aliijua sauti ile. Akarudisha mota nyuma kwa nguvu zote, akapiga ukelele: "Shemeji! Pisha!" Lakini tishari lililosheheni saruji si baiskeli. Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo, kama mlango unaofungwa chumba cha pili.

Yule dada abiria alidaka kamba, mabaharia wa tishari wakamvuta. Kasia alipatikana alasiri. Rafadha, lile panga la mota chini ya tishari, ilikuwa imempitia.

Nahodha alikwenda nyumbani kwa miguu. Mkewe alikuwa akipiga pasi sare za watoto.

"Mbona mapema?"

Akasema, midomo ikitikisika tu.

"Nini? Sikusikii."

"Nimemgonga kaka yako."

"Ameumia?"

Nahodha akaketi sakafuni. Mkewe akaweka pasi chini, akajifunga khanga, akatoka kwenda kwa mama yake bila kuvaa viatu.

Msibani nahodha aliketi nje, pembeni, hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Jioni mama mkwe akamwita ndani.

"Wanasema chombo chako hakina kelele. Ulimsikia mwanangu?"

"Nilimsikia, mama."

"Alisema nini?"

Akamwambia. Mama akataka ayarudie maneno yale, naye akayarudia.

"Sikulaani," mama akasema. "Ila hapa kwangu usije tena."

Wakaguzi wakasema ni ajali, ukungu ulikuwa mzito. Tajiri akafunga king'ora kinacholia chenyewe kila chombo kinapotembea, na nahodha akarudi usukanini, kwa kuwa kazi nyingine hakuijua. Wavushaji wapya pale konani humgeuzia mgongo mpaka apite.

Shule zilipofunguliwa mkewe alirudi nyumbani. Hakumtusi, hakumnyima chakula. Alihamishia godoro lake chumba cha watoto, na hakuna aliyezungumzia kulirudisha.