Mshale Kwenye Barafu

Jaketi alikuwa amefura kwa hasira. Jina hilo walimpa wenzake chuoni, maana tangu mwaka uanze alishinda kwenye chumba cha baridi cha maabara, amevaa jaketi zito hata jua likiwaka nje, akikata barafu iliyochimbwa kwenye ncha ya dunia. Leo fomu yake ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Wiki tatu alikuwa akimfuata profesa aitie sahihi, na wiki tatu nzima jibu lilikuwa moja: "Kesho, mwanangu." Sasa siku ya mwisho imefika. Bila sahihi hiyo hakuna safari ya utafiti ya likizo ndefu, miezi miwili kwenye barafu yenyewe, nafasi moja tu kwa chuo kizima.

Na nafasi hiyo, kumbe, profesa alikuwa akimwekea mpwa wake! Mpwa mwenyewe chumba cha baridi kaingia mara mbili tu, na mara zote mbili alitoka mbio akipuliza vidole.

Wageni waliokuja kuchagua mwanafunzi wa safari walifika chumbani humo saa nne: mama mmoja mwenye miwani na mwenzake mrefu.

"Jaketi, wape wageni makoti, halafu ukatengeneze chai," profesa alisema.

Makoti aliwapa. Chai? Thubutu! Akasimama pale pale.

Mpwa akachomoa kipande kirefu cha barafu kwenye mfuko wa plastiki wenye lebo, akaanza kujitapa. "Huu mstari mweusi ni majivu ya volkano. Uko karibu na juu, kwa hiyo ni ya juzijuzi."

Damu ilimchemka Jaketi. Mstari ule aliuona yeye, akaupima yeye, vidole vikimfa ganzi.

"Umekigeuza kichwa chini miguu juu," alisema.

"Nyamaza wewe!" profesa alifoka. "Lebo ya mfuko inaonyesha wazi."

"Mfuko ulipasuka, profesa, mkabadilisha nyinyi, lebo mkaibandika kinyume. Tazameni mshale kwenye barafu yenyewe."

Barafu ikifika humo, kabla ya kutiwa mfukoni, huchorwa mshale unaoelekeza juu, tena kwa penseli, maana wino huganda. Mama mwenye miwani akasugua ukungu ulioganda kwa kidole gumba. Mshale ulikuwepo, ukielekea sakafuni.

"Nani kauchora?"

"Mimi."

"Na wewe umeomba nafasi?"

Jaketi akakunjua fomu. Mama akaisoma mpaka chini, akamgeukia profesa. "Imebaki sahihi yako tu. Na leo tunafunga."

Profesa akatoa kalamu yake ya heshima, akakwaruza mara mbili. Karatasi ikabaki nyeupe. Akatabasamu, mtu mzima bila haya. "Aa, wino umeganda, jamani. Nitaitia sahihi ofisini, kesho."

Kesho tena! Jaketi alitaka kupiga kelele. Badala yake akavua kamba shingoni, yenye kipande cha penseli kilichotafunwa ncha, akamtia profesa kiganjani.

"Humu tunaandikia hii, profesa. Hamkujua?"

"Penseli inatosha," mama alisema. "Tunasubiri."

Profesa akatia sahihi. Jaketi akaichukua fomu bila kusema asante, akampa mama mwenye miwani. Mpwa alikuwa keshafika mlangoni, akipuliza vidole.

"Na wewe," Jaketi akamwambia, "majani ya chai yako kabatini."