Lenga-lenga ya Bwana Antoine

Cécile Nabintu hakuwa mwizi, na mjinga hakuwa pia. Tuliseme hilo mapema, maana ukisikia alichokifanya kwenye bustani ya Madame Ghislaine, utamhukumu kabla hujafika mwisho.

Alikuwa ametoka Bukavu mwaka uliotangulia, mwaka ule wa vita, na begi moja mkononi. Miezi saba alilala kwenye ukumbi wa wakimbizi huko Ulaya, pazia likimtenga na akina mama wengine kumi na tisa. Agosti ya 1997 padri akamtafutia kazi kule Auderghem, pembeni mwa jiji, karibu na msitu: kumtunza mjane wa miaka sabini na sita, na kulala humo humo, kwenye chumba chake mwenyewe chenye ufunguo. Ufunguo ule Cécile aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kuurudisha maana yake ni kurudi nyuma ya pazia, na alikuwa ameapa mbele ya Bikira Maria kwamba harudi.

Bon. Oktoba ikaingia na bustani ya Madame ikaanza vituko. Mzabibu wa ukutani ukawa mwekundu, miti ya msitu nyuma ya ua ikageuka rangi ya shaba, na madalia, wakati vingine vyote vinajiandaa kufa, ndiyo kwanza yakafungua maua makubwa kama sahani. Kwao Cécile hakuna mmea wenye tabia hiyo. Lakini kilichomwacha mdomo wazi kilikuwa kwenye tuta la katikati: mashina yanayomfika kifuani, yenye mikia ya maua mekundu iliyoning'inia. Akasogea, akachuma jani, akalinusa, akalitafuna. Lenga-lenga! Mchicha wa kwao, mboga ya mama yake mzazi, mboga ya kila siku, imeachwa ikazeeka hadi ikatoa maua, na hakuna aliyechuma hata jani la kuonja.

Alimpigia simu rafiki yake Darlène, mtu wa Lubumbashi anayesuka nywele kule Matonge, mtaa wa Waafrika jijini. "Bazungu banapanda lenga-lenga juu ya kuangalia tu?" akamuuliza. Darlène alicheka mpaka akakohoa, akasema asishangae, hawa ni watu wanaomnunulia paka nyama.

Wiki ya mwisho ya mwezi Madame akaenda hospitali kuondolewa mtoto wa jicho. Mlangoni, teksi ikisubiri, alinyoosha fimbo yake kuelekea tuta lile. Alisema redio imetangaza jalidi, ile baridi inayounguza mimea ikalala chini. Basi Cécile ayatazame sana yale mekundu, baridi isije ikayaharibu kabla hajarudi. Cécile akaitikia, oui Madame, kwa moyo wake wote.

Sasa wewe mtu wa Kivu, ukiambiwa uokoe lenga-lenga na baridi, utafanya nini? Utaivalisha koti? Unaichuma! Kuuliza si ujinga, na namba ya hospitali ilikuwa pale pale kando ya simu, lakini Cécile alitaka kumshangaza mama wa watu. Akachukua kisu, akakata tuta zima. Majani laini aliyatenga, yale magumu akayachemsha na bikaboneti kidogo yalainike, mikia ya maua akaitupa kwenye shimo la taka za bustani, ambako jalidi iliimaliza usiku. Alipanda basi hadi Matonge kununua mawese. Akakaanga vitunguu, akapika sufuria iliyojaa, akiimba.

Madame alirudi Alhamisi mchana, kibandiko kimeshatolewa jichoni. Hakuvua hata koti. Alipita jikoni moja kwa moja hadi bustanini, na Cécile akamfuata na mwiko mkononi, anatabasamu peke yake.

Tuta lilikuwa tupu. Visiki tu.

Madame hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisimama akipepesa jicho lake jipya, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yako wapi?" Cécile akaonyesha jikoni kwa mwiko.

Basi ndipo alipoambiwa. Ile mimea mumewe, Bwana Antoine, aliipanda mwezi wa tano kwa mikono yake, na mwezi wa sita akafa. Madame alikubali kupasuliwa jicho ili ayaone maua yale mekundu vizuri mara moja tu, kisha ayakate Jumamosi, sikukuu ya Watakatifu Wote, ampelekee mumewe kaburini. Wengine wangepeleka vyungu vya maua vya dukani. Yeye angepeleka yale.

Amekata maua ya maiti! Amemnyang'anya mjane kitu cha mwisho, akakitia vitunguu! Cécile aliomba msamaha kwa Kifaransa, kikamwishia, akaendelea kwa Kiswahili. Kisha akaingia ndani, akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani. Alikuwa ameshakanyaga ngazi kwenda kufunga begi lake aliposikia Madame akiita kutoka jikoni.

Madame alikuwa ameinamia sufuria, amefunua kifuniko, mvuke unampanda usoni.

"Hii harufu," akasema. "Ni mafuta gani?"

"Mawese, Madame."

Madame akavuta kiti, akaketi na koti lake. Akaeleza polepole, macho hayatoki kwenye sufuria, kwamba kabla hawajaoana Antoine alifanya kazi miaka sita Bukavu. Cécile akashika ukingo wa meza. Miezi mitatu anapangusa picha ya mzee yule, na hakuna aliyemwambia neno. Mbegu alikuja nazo mfukoni. Kila mwaka alizipanda, kila mwaka akamwomba mkewe ampikie, hata mara moja. Na Madame, miaka thelathini na saba, alimjibu kwamba katika nyumba hii hatuli majani ya porini. Mume akacheka, akayaacha yakachanua.

"Nilidhani ameshasahau," Madame akasema. "Nilidhani anapenda maua."

Madame akausukuma ufunguo juu ya meza hadi mbele ya Cécile, akaomba sahani. Alikula yote, machozi yanamtiririka, hata lile jicho aliloambiwa asilitie maji.

Jumamosi makaburini palijaa vyungu vya maua ya njano na meupe, na familia zilizovaa makoti mazuri. Wawili wale walipita katikati yao na sufuria iliyofungwa taulo, watu wanageuza shingo. Madame akapiga magoti, akafunua kifuniko, akagusa mboga kwa kidole.

"Imepoa, Antoine," akaliambia jiwe. "Nimechelewa, imepoa."