Jana Ulikula Nini?

Jumatano asubuhi Dada Lishe, mtaalamu wa lishe, alitundika mizani kwenye boriti ya kliniki ya mtaa, akakaa benchini na mama wa Kibonge. Kibonge lilikuwa jina la utani. Mtoto mwenyewe alikuwa mifupa na macho, suruali imefungwa kwa kamba.

"Jana alikula nini?" Ndivyo alivyomuuliza kila mtu, na ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake chuoni waulize.

Mama akasema walikula vizuri tu, wanashukuru. Tumbo la mtoto likasema, "Uji. Maji mengi, unga wa kunusa."

Matumbo yalikuwa yanajibu yenyewe tangu mvua zilipoanza. Dada Lishe aliona nafuu, maana utafiti wake ulijaa majibu ya watu wanaoona aibu, na tumbo halina aibu. Akamwambia mama aje wiki ijayo na kikombe. Maziwa ya unga ya mradi yalishafika bohari, na mradi aliuandika yeye mwenyewe, kwa ajili ya watoto kama huyu.

Jumanne iliyofuata kulikuwa na kikao cha mradi. Chai ya maziwa ilipitishwa, kila mtu akanywa. Mkuu wa mradi, shingo imemezwa na mashavu, akaeleza kwamba maziwa ya watoto yamekwama mahali na suala linafuatiliwa. Dada Lishe akamuuliza, kwa mazoea ya kazi tu, "Jana ulikula nini, mzee?"

Mkuu akasema alikula matunda, siku hizi anajichunga. Tumbo lake likakohoa kidogo.

"Maziwa ya watoto," likasema. "Mizani mipya. Posho za wahudumu. Na tairi la gari la kliniki, hilo bado linanisumbua."

Hakuna aliyeshtuka. Kwamba mkuu anakula, wote walijua na walishasema sana kwenye korido. Ila hawakuwahi kusomewa menyu. Mhasibu akamsogezea dawa ya kiungulia. Katibu akauliza kama hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao, akaambiwa lisiingie. Mkuu akacheua, chumba kizima kikanuka maziwa yaliyochacha na mpira. Dada Lishe aliona kinyaa, na waliomchefua zaidi ni wenzake, waliojipepea kwa karatasi za ajenda na kuomba chai iongezwe.

Jioni waraka ukatoka: mtu mwenye cheo asiulizwe swali hilo. Mkuu akaagiziwa kiti kipana zaidi.

Kesho yake mama wa Kibonge akaja na kikombe chake, amekisugua kikang'aa. Dada Lishe hakujua aanzie wapi, akaanzia alipozoea. Akapiga magoti, akamuuliza mtoto jana alikula nini.

Tumbo la Kibonge likanyamaza. Akauliza tena, taratibu, sikio amelisogeza karibu. Kimya kile kile. Ndipo tumbo la Dada Lishe mwenyewe likajibu, kwa adabu, kama mwanafunzi aliyeulizwa darasani.

"Chai ya kikao. Ilikuwa na maziwa mengi."

Mama wa Kibonge alisikia. Akakaza kamba ya suruali ya mwanawe.

"Afadhali wewe, dada," akasema.