Ratiba na Mwenye Eda

Ratiba ya ligi ya mwaka hamsini na tisa ilifika Mtambile Jumatatu asubuhi, ikabandikwa kwenye mlango wa duka la Badar, fundi cherehani, na Bi Mwanawema akawa mtu wa mwisho kuijua. Hilo lilikuwa jambo geni. Kwa miaka kumi na minane ratiba ilikuwa haijapata kusomwa penginepo ila kwenye baraza ya nyumba yake, hatua tatu kutoka dirishani, naye akiwa ndani anasikia kila neno. Lakini mwaka huo mumewe, Bakar Ngwali, alikuwa na mwezi na siku kaburini, na yeye alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, wala hasemi na mwanamme asiye maharimu yake ila kwa dharura. Washabiki wakaona si adabu kukaa kwenye baraza ya mjane na kupiga makelele ya mpira. Wakahamia kwa Badar.

Heshima ni kitu kizuri, hakuna asemaye vyengine. Lakini nani aliyemuuliza mwenye nyumba?

Timu yao ilikuwa ya Chuo cha kilimo, kule juu ya kilima. Vijana thelathini na kitu kutoka kila pembe ya kisiwa walikuwa wakisomeshwa mambo ya mbegu na mbolea, na jioni wakicheza mpira. Mtambile haikuwa na timu yake, basi ikajichukulia hiyo, na ikaipenda kwa wazimu ambao mtu huwa nao kwa kitu cha kuokota. Kila mwaka karatasi ya ratiba ikifika, kijiji kizima kilikuwa kinajua nani wa kuulizwa. Bakar aliitwa Shehe Ratiba. Washabiki wengine waliisoma karatasi kama ilivyoandikwa: leo Wete, wiki ijayo Mkoani, basi. Bakar akiitazama, akienda ndani kufuata buli la kahawa, akirudi na kusema kwa sauti yake nene, "Hapa tutashinda, hapa tutafungwa, na hapa tukipata sare tumshukuru Mungu." Na ilikuwa hivyohivyo, mara nane katika kumi.

Sasa nikwambie kilichokuwa ndani ya buli. Bakar, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti na kicheko na moyo mweupe, lakini mpira alikuwa haujui. Aliyeujua ni mkewe, ambaye maisha yake hajapata kuuona mpira ukichezwa. Bakar alikuwa akiingia jikoni na kunong'ona habari za mechi, na Bi Mwanawema, huku anasonga ugali au anachambua mchele, humjibu. Wete mwezi huo wanachuma karafuu, vijana wao watakuja uwanjani mikono imechanika na migongo inauma, wapigwe siku hiyo. Mkoani wana harusi mbili za ukoo mmoja, watacheza hawajalala. Karatasi, alikuwa akisema, ni karatasi tu, wanaocheza ni watu, na watu wana mavuno yao, na misiba yao, na mwezi wao wa kuandama. Habari hizo alizipata visimani na vilioni, mahali ambapo wanaume hudhani wanawake wanapoteza wakati.

Bakar alikuwa akizibeba habari zile na kahawa, na huko nje sifa zikimwangukia yeye. Hakuwa mwizi. Usiku akilala alikuwa akimsimulia mkewe nani kabisha nini, hasa Nyange, rafiki yake wa utotoni, ambaye hakukubali hata mara moja bila ya kushindana, na wote wawili wakicheka mpaka wakizibana midomo. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa hilo, na Bi Mwanawema hakutaka zaidi.

Kwa hiyo Jumatatu ile, wifi yake Tatu aliporudi kutoka dukani na kusema kwamba karatasi ya mpira imetoka, Bi Mwanawema aliinua kichwa upesi kuliko inavyompasa mjane. Akauliza wanaanza na nani. Tatu, aliyekuja kukaa naye kipindi cha eda, mwanamke mwema asiye na kazi na mpira, alisema hajui, na kwani mwenye eda na mpira wapi na wapi? Siku mbili zilizofuata Bi Mwanawema alikaa karibu na dirisha lililofungwa. Kutoka kwa Badar alisikia watu wakicheka na kubishana, lakini maneno hayakufika. Alikuwa na njaa ya maneno yale. Watu walikuwa wameleta ubani na mchele, wamesoma hitima, wameuliza kama maji yapo. Hakuna aliyemuuliza kitu chochote kinachohitaji akili.

Jumatano alasiri Nyange alileta mkono wa kheri, samaki wanne wa changu kwenye uzi wa ukindu. Alisimama nje, akampa Tatu mlangoni, akauliza hali kwa adabu yote. Kisha, kwa sababu mtu mwenye huzuni haishi kuzungumza, akaanza kumwambia Tatu mambo ambayo Tatu hakuyataka. Alisema mwaka huu wamepotea. Chuo kinaanza na Kiuyu, tena kwao Kiuyu, Jumamosi ya wiki ijayo, na Kiuyu nyumbani kwao hawafungiki. Wapenzi wa timu wamekaa wakakubaliana kuiandikia kamati barua, mechi isogezwe mbele wiki moja ili vijana wapya wazoeane. Barua iko tayari, kesho inakwenda Chake Chake na gari ya asubuhi. "Angekuwapo Bakar," alisema, "tusingekuwa tunapapasa hivi."

Ndani, Bi Mwanawema alikuwa keshahesabu kwa vidole. Jumamosi ya wiki ijayo mwezi utakuwa kumi na tano. Bamvua kubwa, maji yanatoka mpaka mbali, na Kiuyu yote, mkubwa kwa mdogo, itakuwa mwambani na kwenye nyuzio za samaki. Watakaobaki kucheza mpira ni wagonjwa na wavivu. Wiki inayofuata ni maji mafu, hapana anayekwenda pwani, na Chuo kitawakuta wanaume kumi na moja wamelala, wamekula, wanasubiri. Barua ile ilikuwa inaomba kipigo.

Angeweza kunyamaza. Mechi ya mpira haijapata kuwa dharura katika kitabu chochote cha sheria. Na angeweza kusema, mimi naona hivi. Lakini hilo lingemgharimu Bakar. Kijiji kizima mwezi mzima kilikuwa kikimsifu kwa elimu yake ya ratiba, na maiti hana pa kwenda kutafuta sifa nyengine. Alisimama pale na shuka lake jeupe, akasogea mpaka midomo ikakaribia mbao za dirisha.

"Shemegi Nyange," alisema. "Marehemu aliacha neno juu ya Kiuyu."

Akamwambia habari ya bamvua yote, kwa utaratibu, na kila alipofika penye "mimi" akaweka "yeye." Mwisho akasema, "Barua hiyo msiipeleke."

Nyange alijibu kwa sauti ya mtu aliyezungumzishwa na kaburi. Akaaga, akaenda zake mbio. Tatu alikasirika kwelikweli. Akasema dharura ni moto au maradhi, na Bi Mwanawema akasema wasia wa maiti nao ni dharura, kisha akaingia kusali na kuomba msamaha kwa uongo wake.

Chuo kilishinda mbili bila. Washabiki walirudi Jumamosi ile ndani ya lori, wanaimba, wanapiga makopo, na Bi Mwanawema aliwasikia tangu wako kwenye mikarafuu ya mwisho wa kijiji. Akakaa tayari. Lori lilipokaribia nyumba yake wimbo ukakatika ghafla, kila mtu akanyamaza kwa heshima ya mjane, magurudumu tu yakasikika yakipita juu ya kokoto. Walipofika mbele kidogo wakauanza tena. Hakuna siku katika eda nzima iliyomuuma kama hiyo, hata ile ya mazishi, maana siku ya mazishi nyumba ilijaa watu.

Jumatano iliyofuata Nyange alikuja tena na samaki, akauliza, akiona haya kidogo, kama Bakar hakuacha neno jengine. Bakar, ikawa, aliacha neno juu ya Wete. Wiki ya tatu akawa na neno juu ya Mkoani. Maisha ya Bi Mwanawema yakawa ni kutoka Jumatano mpaka Jumatano. Alikuwa akiamka alfajiri ya siku hiyo akiwa mzima, akimsumbua Tatu kwa maswali: nani kaoa, nani anaumwa, mvua imenyesha wapi. Tatu alidhani wifi yake anapona msiba, akazikusanya habari kwa moyo mkunjufu. Na kwa Badar watu walikuwa wakisema kwamba Bakar anafunga mabao akiwa kaburini. Tatu alipomletea maneno hayo, Bi Mwanawema alifurahi, kisha akaumwa, akagundua kwamba anamwonea wivu mumewe aliyekufa. Alijionea aibu sana. Lakini wivu ulikuwapo.

Mwezi wa tatu wa eda ikafika zamu ya Makangale. Chuo kilikuwa kinahitaji ushindi huo, na Makangale walikuwa hawajafungwa bao hata moja tangu wampate golikipa mpya. Nyange alisimama mahali pake pa kila siku, nje ya dirisha, Tatu akiwa mlangoni anasuka ukili. Akauliza marehemu alisemaje juu ya Makangale.

Bi Mwanawema alikuwa na jibu tangu juzi, na lilikuwa jibu tamu, na huenda ndiyo sababu akasahau kulivisha kanzu ya Bakar. "Msiwe na wasiwasi," alisema. "Yule golikipa wao anaoa Ijumaa. Jumamosi yumo fungate, siku saba hatoki kwa mkewe. Golini watatia ntu wa kuazima."

Nyange hakushukuru.

"Shemegi," alisema, "kijana huyo kaja Makangale mwezi uliopita, kutoka Unguja, kufanya kazi ya mbao msituni. Bakar hakuwahi kumjua."

Bi Mwanawema alizishika mbao za dirisha. Uongo mwengine haukumjia, na labda ungemjia kama angeutaka.

"Na lile la Kiuyu?" Nyange aliuliza.

"Langu."

"Na mwaka ule wa mvua kubwa, n'lipomwita Bakar punguani mbele za watu, kisha ikawa vilevile alivyosema?"

"Hilo pia."

Tatu aliacha kusuka.

"Miaka kumi na minane," alisema Nyange, "kumbe ntu n'liyekuwa n'kibishana naye ni weye. Wala sikujua."

"Miye nilikuwa najua," alisema Bi Mwanawema.

Aliposema hivyo alihisi kama amemzika Bakar mara ya pili. Siri ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya ndoa yake. Nguo za marehemu zilishagaiwa, kitanda kilishageuzwa, jina lake lilishasomewa hitima, lakini siri ilikuwa bado ya wawili, na maadamu ni ya wawili, mmoja hakuwa peke yake kabisa. Sasa imetoka dirishani. Akaketi chini palepale kwenye mkeka, akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi watu walikingoja na hawakukiona.

Adabu ilikuwa inamtaka Nyange aage aende zake. Wanaume waliokuwa wakipita kwenda kusali alasiri walimwona anaketi kwenye baraza ya mjane, mahali ambapo hapana aliyekaa tangu mazishi, wakamwashiria kwa mkono ainuke. Nyange hakuinuka. Aliegemeza mgongo ukutani, akatazama miguu yake, akangoja mpaka mwanamke wa upande wa pili wa ukuta alipomaliza kulia.