Nyanya za Waraka

Waraka wa ofisi ya tumbaku ulikuwa na mihuri miwili na kosa moja. Uliagiza kila aliyevuna tumbaku apande nyanya msimu unaofuata, ili udongo upumzike. Mjane mwenye shamba la bondeni aliusoma, akaukunja, akapanda mahindi misimu miwili mfululizo, kisha akairudia tumbaku. Sasa yake ilisimama kifua mbele, ilhali ya majirani ilinyauka ikiwa ingali mbichi. Na aliyeitwa kujieleza ni yeye. Akionekana na hatia, jina lake lingefutwa katika daftari la wakulima, na hakuna ghala ambalo lingepokea jani lake.

Mwenyekiti wa chama cha wakulima, aliyesikiliza kesi, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kando yake aliketi bwana shamba, mwandishi wa waraka.

"Shemeji, uliagizwa nyanya, hukuagizwa?"

"Niliagizwa."

"Basi kesi imekwisha," alisema bwana shamba.

"Haijaanza, baba. Naomba glasi mbili za maji."

Alitoa kikapuni mashina mawili ya tumbaku, moja la kwake, jingine la shamba la mwenyekiti. Aliyakata kwa kisu, akalichovya kila moja katika glasi yake. La kwake halikufanya lolote. La mwenyekiti lilishusha uzi mweupe, taratibu, kama maziwa mepesi, hata maji yakachafuka.

"Hao ndio bakteria wanaokumalizia shamba, shemeji. Wanaziba mishipa, mche unakufa kwa kiu na udongo umelowa. Nyanya ni ukoo mmoja na tumbaku. Ulipozipanda, uliwaongezea chakula. Mahindi hawayawezi. Kwangu wamepungua kwa njaa."

"Mama, hayo umesomea chuo gani?"

"Kijitabu chenu wenyewe, bwana shamba. Ukurasa wa tisa. Wengine waliishia kwenye jalada."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Bwana shamba aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: kuanzia msimu ujao, kwa ushauri wa kitaalamu, wakulima wote watapanda mahindi. Mtaalamu hakutajwa. Ama mjane, aliuvunja waraka ungali na nguvu; atie saini barua ya kuomba radhi, au afutwe.

"Saini tu, shemeji," alinong'ona mwenyekiti. "Karatasi hiyo, itakuuma?"

"Ile ya nyanya nayo ilikuwa karatasi. Limebaki shamba gani? Niombe radhi kwa lipi, kwa kutokuua langu?"

Mwenyekiti alichukua rula, mstari usije ukapinda, akalikata jina la mjane daftarini.

Kisha akamfuata mlangoni, macho chini. "Hiyo mbegu ya mahindi… uliipata wapi?"

Mjane alimtajia mbegu, duka na nafasi kati ya mashimo, kwa sauti iliyofika hadi mezani kwa bwana shamba. Kesho yake aliingia shambani akaing'oa, mche kwa mche, tumbaku bora kuliko zote bondeni, kwa kuwa kisheria haikuwepo.